Kumtafuta babu aliyekwenda vitani: kashani, kwa Kadhi, Nairobi au Kew?

Nyota ya pembe sita, rangi ya shaba, imeviringishwa kwenye kipande cha leso kuukuu na kufukiwa chini ya kasha, chini hata ya hati ya shamba. Ukiigeuza nyuma hukuti kitu: hapana jina, hapana namba. Kila baada ya miezi michache mtu hunijia hapa Malindi na nyota kama hiyo, au na picha ya kijana aliyevaa kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja, akaniuliza, "Mwalimu, huyu babu yetu tutamtafuta wapi?"

Mimi si mwanahistoria. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu. Nilianza kwa kumtafuta mtu wangu mwenyewe, kaka yake bibi yangu mzaa mama, mtu wa Mkomani, Lamu. Tangu nimpate nimekuwa kama fundi aliyewahi kutengeneza redio moja tu, na sasa mtaa mzima unamletea redio zake.

Njia za kumtafuta mtu wa namna hiyo ziko kadhaa, na kila mmoja atakusifia ile aliyopitia yeye. Mimi kabla ya kukushauri hukuuliza maswali matatu. Alirudi au hakurudi? Vilikuwa vita vya Mjerumani, yaani 1914 hadi 1918, au vita vya Hitla? Alishika bunduki, alibeba mizigo, au alikuwa baharia? Majibu hayo yanaamua karibu kila kitu, kwa sababu karatasi za askari aliyekufa 1944 na za mpagazi aliyekufa 1917 hazifanani hata kidogo. Wa kwanza yumkini jina lake limeandikwa mahali. Wa pili, mara nyingi, hata kaburi lake halijulikani.

Kasha na wazee

Njia hii ni bure na iko nyumbani, na ndiyo maana watu huiruka. Mimi pia niliiruka, nikapanda basi hadi Nairobi kwanza, nikarudi mikono mitupu.

Kashani tafuta cheti cha kuachishwa jeshi. Kikiwapo, kazi imepungua nusu, maana kina namba ya jeshi, kikosi na tarehe. Namba ni bora kuliko jina. Jina linaweza kuandikwa namna sita na makarani sita, lakini namba haina lafudhi.

Kama kuna nishani, itazame ukingoni. Nishani za mviringo za vita vya Mjerumani walizopewa askari wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa huku kwetu, zilichongwa ukingoni namba, cheo na jina la mwenyewe. Zile nyota za vita vya Hitla hazikuandikwa jina, kwa hiyo usihangaike kuzisugua kwa ndimu. Zinachosema ni mahali, na utepe wake ndio unaosema. Mwekundu katikati, na kila upande bluu nzito yenye mstari wa rangi ya machungwa: huyo alifika Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo. Wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati: huyo ni wa vita vya Afrika, na kwa watu wetu maana yake huwa ni Somalia na Habeshi (Ethiopia) dhidi ya Mtaliano.

Halafu wazee. Usimuulize mzee "alikuwa batalioni gani", hilo si swali la kumuuliza mtu aliyekuwa mtoto wa miaka minane. Muulize babu alikuwa akitaja miji gani akilewa usingizi wa mchana, alirudi na nini, aliondoka kabla ya jambo gani na akarudi baada ya jambo gani. Akitaja Diego Suarez, ni Madagaska, 1942. Akitaja Harar au Mogadishu, ni 1941. Akitaja Kalewa au mto Chindwin, ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 1944, na kama ni mtu wa Kenya, batalioni ya kuanza nayo ni ya 11 ya Keya.

Wazee wa huku wana kalenda zao, na ni kalenda nzuri. Malindi utasikia "kabla Mtaliano hajatupiga bomu", na hiyo ni Oktoba 1940. Kwa Wagiriama utasikia Kondo ya Chembe, vita vya 1914 ambavyo watu wanavikumbuka kwa jina la Mekatilili wa Menza. Katika vita hivyo askari wa Keya ndio waliotumwa kuwapiga Wagiriama, na moja ya mambo yaliyowasha moto ni Serikali kutaka vijana wao wakafanye kazi za mizigo. Kwa hiyo ukienda kijijini Magarini na kuuliza kwa furaha nani alikuwa Keya, jiandae kunyamaziwa kidogo. Si kila ukoo unalitaja neno hilo kwa fahari.

Bibi yangu alisema sentensi moja tu, na aliirudia miaka yote: "Aliondoka mwezi moya kabla ya Maulidi, na mizinga yao, na hakurudi." Sisi tuliisikia kama kilio cha kizee. Kumbe ilikuwa anwani kamili. Nitaurudia mwezi huo.

Udhaifu wa njia hii unajulikana: hadithi hunenepa. Ukiwasikiliza wajukuu, kila babu wa Pwani alikuwa Bama na hakuna hata mmoja aliyekuwa mpishi wa kambi.

Majina: ugonjwa wa njia zote

Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Athman akawa Asumani au Osman, Mohamed akawa Hamadi au Mwamadi, na "bin" mara ipo, mara imemezwa. Jina la baba likageuka kuwa jina la ukoo, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya jina la ukoo na sisi hatukuwa nalo. Kwa Wagiriama kuna mtego mwingine. Mtoto hupewa jina la babu yake, hivyo Katana wa Charo humzaa Charo wa Katana, naye akamzaa Katana wa Charo. Ukikuta Katana wa Charo kwenye orodha usishangilie bado. Uliza mbari, uliza mke, hesabu vizazi kwa vidole. Chora mti wa ukoo hata kwa kalamu ya risasi kabla hujafungua kompyuta.

Madaftari ya Kadhi

Hii ni njia ambayo sijaona mtu wa nje akiitaja, na kwa familia za Kiislamu za Lamu na Malindi naiweka juu ya nyingi. Askari aliyepotea aliacha mke. Mke wa mtu asiyejulikana yu hai au amekufa, mafkudi, hawezi kukaa eda wala kuolewa mpaka Kadhi aamue. Na mali, hata kama ni minazi kumi, haigawanywi mpaka kifo kithibitike. Kwa hiyo kesi ilifika mahakamani, na kesi ya mirathi hutaja warithi wote: mke, watoto, ndugu, nani alikuwa mama mmoja na nani baba mmoja. Karatasi ya jeshi itakupa namba ya mtu. Ya Kadhi itakupa ukoo wake.

Ubaya wake ni kwamba hakuna faharasa ya kutafutia kwenye simu. Ni kwenda, kutoa salamu, kueleza shida, na kurudi tena wiki ijayo. Maandishi ya zamani yanaweza kuwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na kijana aliyesoma shule tu hataweza kuyasoma. Mchukue mzee aliyesoma chuoni, yaani madrasa. Na kwa aliyerudi salama, ambaye hakuwa na kesi, njia hii haina kitu.

Nairobi

Makavazi ya Taifa yako Moi Avenue, katika jengo la iliyokuwa Bank of India. Watalii huingia kutazama sanaa za ghorofa ya chini zilizokusanywa na Joseph Murumbi, wewe utapanda juu kwenye chumba cha kusomea. Utapata mafaili ya Mkuu wa Jimbo la Pwani na ripoti za mwaka za wilaya za Lamu na Malindi. Utapata pia barua za maofisa waliotakiwa kutoa watu, wakajibu kwamba watu wamekimbilia mwituni.

Lakini wengi hurudi na huzuni, kwa sababu ya matarajio. Mafaili ya utawala yanazungumza juu ya watu kwa mafungu: wangapi walitakiwa, wangapi walipatikana, wangapi walitoroka. Babu yako mmoja mmoja hutamkuta humo, ila kwa bahati. Nguvu ya Nairobi iko kwa wapagazi wa vita vya Mjerumani, wale wa kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Mwaka 1917 ndio msako wa watu ulikuwa mkali kuliko wote, na kule kwenye kampeni ya kumfukuza Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maelfu, zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya waliokufa ilibaki haijachukuliwa, na ubishi juu ya pesa hizo uliendelea miaka mingi baada ya vita. Ubishi huzaa barua, na barua huhifadhiwa. Kwa mpagazi, basi, nenda Nairobi ukitafuta kijiji chake na mwaka wake, si jina lake. Ukijua kijiji kilitoa watu lini na walipelekwa wapi, umeshampata robo tatu.

Gharama: ada ya kusoma ni ndogo, kinachokula pesa ni nauli na malazi. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha treni. Usiende kwa siku mbili. Siku ya kwanza yote huisha unajifunza jinsi ya kuomba faili.

Askari aliyeendelea hadi karibu na uhuru ana njia nyingine, kuandikia Wizara ya Ulinzi. Batalioni za 3, 5 na 11 za Keya ndizo zilizogeuka kuwa Kenya Rifles, na sehemu ya karatasi ilibaki mikononi mwa jeshi. Andika barua rasmi yenye namba ya jeshi, uambatishe nakala za vitambulisho na mti wa ukoo, kisha subiri. Bila namba, okoa stempu yako.

Tume ya Makaburi ya Vita

Hapa ndipo intaneti inapofaa kweli. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, imeweka majina ya waliokufa katika vita vyote viwili kwenye tovuti yake, na kutafuta ni bure. Unaweza kufanya ukiwa baraza la Shela kwa simu ya mkononi.

Ila ielewe mizani yake. Kwa waliokufa vita vya Hitla ni nzuri sana. Waliokufa Bama wasiwe na kaburi linalojulikana wako kwenye mnara wa Taukkyan, karibu na Rangoon. Wengine wengi wako kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kwa vita vya Mjerumani, mambo ni mengine. Ile minara ya masanamu ya askari ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ambayo watu hupiga nayo picha, haina jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakuandikwa kwa majina, na huenda idadi ikafika 350,000. Siku hizi inafanya kazi na jeshi la Kenya kuyafufua majina kutoka karatasi za zamani, kwa hiyo kama ulitafuta miaka kumi iliyopita ukakosa, tafuta tena. Lakini mpagazi wa 1917 usipomwona humo usidhani ulidanganywa au babu hakwenda. Kutokuwamo kwake ni jambo la kawaida.

Ujanja wa kutafuta: usiandike jina kamili. Chagua mnara au kikosi, chagua mwaka, kisha soma orodha nzima kwa macho ukitamka kila jina kwa sauti. Sikio la mtu wa Pwani litatambua jina ambalo mashine haitalitambua.

Kew

Makavazi ya Taifa ya Uingereza yako Kew, London, na ndiyo njia inayovutia watu kuliko zote kwa sababu iko mbali. Katalogi yake inatafutwa bure kwenye intaneti. Humo mna shajara za vita: kundi la WO 95 kwa vita vya Mjerumani, WO 172 kwa Bama. Mna CO 534, barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Keya. Mna kadi za nishani za vita vya kwanza, WO 372.

Shajara ya batalioni ni kitu kizuri. Utasoma siku kwa siku walikopiga kambi, mvua iliyonyesha, nani alishambuliwa. Lakini afisa Mzungu hutajwa kwa jina, askari hutajwa kwa hesabu. "Askari wawili wamejeruhiwa." Wa pili anaweza kuwa babu yako, hutajua. Kwa hiyo Kew ni ya mwisho, ukishajua batalioni na miezi, na unataka kujua aliona nini. Ukianza nayo utanunua kurasa mia za mvua ya watu wengine.

Na kuwalipa watafiti wa kukodi: wapo waaminifu na kazi yao ni halali. Ila jirani yangu mmoja wa Maweni alituma pesa kwa mtu ng'ambo, akaletewa kurasa tatu ambazo nilimwonyesha bure kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Muulize mtafiti namba ya faili anayokwenda kufungua kabla hujamlipa. Akishindwa kuitaja, nawe zuia mfuko.

Wale ambao Keya siyo njia yao

Watu wa Lamu hasa, sikilizeni. Tukisikia jeshi tunasema Keya, na wengine walikuwa kwingine. Mwaka 1914 Mombasa kiliundwa kikosi cha Waarabu chini ya Arthur Wavell, ambaye aliuawa Mwele Januari 1916. Mtu wa kikosi hicho hamo katika orodha za Keya. Na mabaharia: jeshi la majini la akiba la Kenya lilianzishwa 1933, na katika vita vya Hitla kituo cha wanamaji Waingereza pale Kilindini kiliitwa HMS Tana. Kama babu alikuwa nahodha au serahangi na picha yake inaonyesha sare nyeupe, acha WO, tafuta makundi ya ADM, karatasi za wanamaji.

Aliyekuwa askari wa Sultani, mlinzi wa gereza au ngome kabla ya Waingereza, hahusiani na yote niliyosema. Huyo mtafute Zanzibar, kwenye makavazi ya Kilimani.

Vipimo vya DNA naulizwa sana. Vitakuonyesha binamu uliyempoteza, havitakuonyesha batalioni.

Mimi ningechagua hivi

Hakurudi kutoka vita vya Hitla: kasha na wazee, kisha Tume, kisha Kadhi. Pengine hutatumia hata shilingi elfu mbili, na Nairobi utakwenda kuona mnara tu. Hakurudi kutoka kariakoo: wazee, kisha Nairobi moja kwa moja, na Tume iwe ya kujaribu tu kila baada ya mwaka. Alirudi: cheti na nishani, barua ya Wizara, na Kew kama moyo na mfuko vinaruhusu. Aliyerudi ndiye mgumu kuliko wote, ajabu yake, kwa sababu orodha zimeandikwa kwa ajili ya wafu. Kama cheti chake kililiwa na mchwa, hadithi ya wazee ndiyo itakayokuwa makavazi yako, basi irekodi wiki hii kwa simu, kabla hujafikiria nauli ya popote.

Sasa mwezi wa bibi. Nilikuwa nimeshamaliza Nairobi na nimeshakata tamaa, mama yangu akairudia ile sentensi jikoni akikuna nazi: mwezi mmoja kabla ya Maulidi, na mizinga yao. Nikachukua kalenda. Mwaka 1944 Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, uliingia mwishoni mwa Februari. Kwa hiyo aliondoka mwanzoni mwa Februari. Na mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 manowari ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na karibu watu 1,300 wakafa.

Nikafungua orodha ya Mnara wa Afrika Mashariki, nikachagua kikosi na tarehe hiyo, nikaanza kusoma majina kwa sauti. Mama akaacha kukuna. Lilipofika jina lake, lilikuwa limepoteza herufi h na jina la baba limekuwa la ukoo, lakini yeye alilijua kabla sijalimaliza. Akaniuliza tarehe 12 Februari ilikuwa mwezi gani kwetu. Nikamwambia Mfunguo Tano, katikati. Akasema basi khitma yake tumekuwa tukiisoma mwezi usiokuwa wake, akarudi kwenye nazi.